Anjelina Aunganisha Priamplifaya

Sikia hii. Utasema nakudanganya, lakini ilitokea Chang'ombe, Dodoma, mchana kweupe. Mtu asiyeona kabisa alimfundisha mwenye macho mawili kuunganisha mtambo wa muziki. Na mtambo ukalia!

Siku hizi unagusa simu tu, wimbo unaanza. Mwaka 1994 haikuwa hivyo. Bidhaa za nje zilikuwa zimeanza kujaa madukani, na kila mtu mjini alitaka kitu cha kupiga muziki. Damas, karani wa ofisi moja ya serikali, akanunua mtambo wa mtumba. Ulikuja vipande vipande: gramafoni ya kuchezea santuri, priamplifaya, amplifaya kubwa na spika mbili. Karatasi ya maelezo haikuwemo.

Mkewe Anjelina, ambaye mtaani wanamwita Mama Tumsifu, alifurahi kupita wote. Kabatini, ndani ya kanga, alitunza santuri moja. Mama yake, Bibi Dorothea wa kijijini Zuzu, aliimba humo na kwaya ya akina mama, akiwa na mimba ya Anjelina. Miaka ishirini na sita! Na Bibi hajawahi kuisikia hata mara moja, kwa sababu kwao hakukuwa na gramafoni. Sasa sikio lake moja lilishakufa. La pili lilikuwa linafuata.

Jumamosi hiyo Bibi alikuwa anakuja kuisikiliza. Asubuhi Damas akaanza kazi.

"Baba Tumsifu, tumwite anayejua," Anjelina alisema.

"Anayejua nini? Waya ni waya tu!"

Damas akaitazama priamplifaya. Ndogo, lakini imejaa vitufe. "Huyu ndiye bosi," akasema. "Kila kitu kinaishia kwa bosi." Basi spika akazichomeka kwa bosi. Gramafoni akaichomeka tundu lolote. Amplifaya kubwa akaiweka pembeni, eti ya akiba.

Akaweka santuri ya dansi. Sauti ikatoka nyembambaaa. Jirani yao Khamisi akachungulia dirishani.

"Damas, umenunua muziki au umenunua mbu?"

Damas akapandwa na hasira. Akavuta amplifaya kubwa, akahamishia spika huko, akaanza kuchomeka waya, umeme ukiwa unawaka. PAA! Spika zikatetemeka.

"Zima!" Anjelina akapiga kelele. "Utaziua kabla Mama hajafika!"

Akatoka mbio kwenda nyumba ya pili, kwa Domitila. Domitila haoni tangu utotoni. Alisoma Buigiri, kwenye shule ya watoto wasioona. Wakati huo alikuwa opereta wa simu ofisini, siku nzima akichomeka na kuchomoa waya kwenye swichibodi, ubao wa kuunganishia simu.

Domitila akaja na fimbo yake nyeupe. Damas akaguna.

"Shemeji, matundu utayaonaje?"

"Wewe umeyaona, shemeji. Yamekusaidia nini?"

Khamisi alicheka mpaka akashika ukuta, akamsimulia Domitila habari ya mbu, kisha akaenda zake.

"Mama Tumsifu, huyo mbu alilia wapi?" Domitila akauliza.

"Hapa, kwenye sindano ya gramafoni."

"Basi spika hazikupata kitu. Umeme umezimwa?"

"Tumezima swichi."

"Chomoa na plagi ukutani. Ukitaka kugusa waya, plagi iwe nje."

Akaipapasa priamplifaya. "Huyu si bosi. Huyu ni opereta mwenzangu. Anapokea, anachagua, anapitisha. Nguvu ya kusukuma spika hana. Nguvu anayo yule mkubwa. Sasa mimi sigusi kitu. Mama Tumsifu, shika wewe. Nisomee matundu ya nyuma."

Anjelina akainama, akasoma herufi moja moja. "Mawili PHONO. Mawili AUX. Mawili OUT."

"PHONO ni ya gramafoni peke yake. Sauti ya sindano ni ndogo mno, inakuzwa hapo. Mkipata deki ya kaseti, iingie AUX. Ukiiweka PHONO, sauti itapasuka. Nyekundu kwa nyekundu, hiyo kulia. Nyeupe kwa nyeupe, kushoto."

"Kuna kawaya kembamba kananing'inia."

"Hako ni ka ethi, waya wa ardhi. Kafunge kwenye skrubu iliyo karibu na PHONO. Ukikaacha, spika zitaunguruma mmmmm mpaka mchoke."

Anjelina akakaza. Kisha akatoa waya kwenye OUT ya priamplifaya, akaupeleka kwenye matundu ya kuingilia ya amplifaya kubwa. Spika akazifunga kwenye hiyo hiyo amplifaya kubwa, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, ncha zisigusane.

"Kitufe cha kuchagulia kielekee PHONO. Sauti iwe sifuri," Domitila akasema. "Rudisha plagi. Washa gramafoni, kisha priamplifaya. Hesabu mpaka kumi. Amplifaya kubwa iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, hiyo iwe ya kwanza."

"Kwani kuna tofauti?" Damas akauliza.

"Ile paa yenu ilitoka wapi, shemeji?"

Anjelina akarudisha plagi, akawasha kwa mpango huo, Damas akihesabu mpaka kumi.

"Mbukwenyi!" Bibi Dorothea huyo mlangoni, akisalimu kwa Kigogo.

"Shikamoo Mama!"

Wakamkalisha, sikio lililobaki likielekea spika. Nyumba ilijaa majirani. Anjelina akaitoa santuri ya Mama kwenye kanga, akaiweka, akashusha sindano, akapandisha sauti polepole.

Akina mama wa Zuzu wakaimba, safi, kama wamekaa humo chumbani! Kisha sauti moja ikapanda juu ya zote. Bibi akashika kifua.

"Huyo ni mimi," akasema. Akamvuta Anjelina karibu. "Na wewe umo humo. Nilikuwa naimba, wewe unanipiga mateke."

 Anjelina alisimama, kichwa juu, machozi yakimtiririka.

Majirani wakapiga makofi na vigelegele. Khamisi akampigia Damas saluti. "Damas, fundi wetu! Nimekosa mimi, nisamehe!"

Watu wote wakamgeukia Damas. Damas akatabasamu, akanyoosha kola ya shati. Anjelina akamtazama. Domitila alikuwa ametulia kwenye kiti chake.

Damas akaishusha kola. "Fundi ni mke wangu," akasema kwa sauti. "Na mwalimu wake ni shemeji Domitila. Mimi nilileta paa tu."

Vigelegele vikaanza upya. Kuanzia siku ile, mtambo ukigoma Chang'ombe, watu hawamuulizii Baba Tumsifu. Wanamuulizia Mama Tumsifu.

Sasa niambie kweli. Mtaa mzima unakupigia makofi, mama mkwe yupo, na wanaoujua ukweli wamenyamaza. Ungekuwa wewe ndiye Damas, ungefanyaje?