Mawe ya Ruti

Kila asubuhi Marita alifagia mahali pawili. Kwanza alifagia uwanja wa nyumba yake. Kisha alizunguka nyuma, penye shamba la ulezi, akafagia kaburi la mwanawe.

Ruti alifariki kwa surua alipokuwa na miaka mitatu. Baba yake, Anania, aliokota mawe mtoni, akayapanga kulizunguka kaburi. Wakati huo vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha. Tunduma ilikuwa na maduka machache na nyumba za miti na udongo, kando ya barabara iendayo Rodesia ya Kaskazini. Malori yalisimama hapo, na Marita aliwauzia madereva mahindi ya kuchoma. Alipomaliza kuuza alirudi nyumbani, akapita nyuma kumwangalia mtoto. Ndivyo alivyosema: kumwangalia mtoto.

Mwaka mmoja alikuja mpima ardhi, mzungu mwenye mnyororo wa chuma, vigingi na bendera ndogo nyekundu. Jumbe alitangaza kwamba serikali inachora ramani ya mji. Ramani hiyo ingeonyesha jinsi mji utakavyokua kwa miaka mingi: soko litakaa wapi, barabara zitapita wapi, watu watajenga wapi.

"Wanaume wote waje Ijumaa, waseme kilichopo kwao," alisema jumbe.

Ijumaa ilipofika, wanaume wengi walikwenda shambani.

Jioni jirani yao Efraimu alikuja kuota moto. Alikuwa mtu wa mizaha.

"Ukiwaonyesha mbuzi, wanaandika kodi ya mbuzi," alisema. "Mimi hata jogoo wangu nimemwambia asiwike mpaka mzungu aondoke."

Wakacheka. Kisha Efraimu akashusha sauti.

"Lakini kuna jambo. Wakiona kaburi nyumbani kwako, eneo lote linafanywa makaburi ya mji. Wewe mwenyewe unahamishwa."

"Nani kasema?" aliuliza Marita.

"Watu wa Mlowo."

"Watu gani wa Mlowo?"

"Watu, mama Ruti. Watu ni watu."

Alfajiri Anania alimwambia mkewe, "Tuyaondoe yale mawe. Kwa muda tu. Mpima akipita, tutayarudisha."

"Unataka kumficha mtoto?"

"Sitaki abaki peke yake. Tukihamishwa, nani atamfagilia?"

Wote wawili waliyabeba mawe. Waliyaweka chini ya kihenge cha ulezi, yakawa kama mawe ya kukiinua kihenge. Juu ya kaburi Marita alipanda maharagwe.

Mpima alifika pamoja na mkalimani wake. Alisimama mbele ya maharagwe.

"Hapa pana nini?" aliuliza mkalimani.

"Hapana kitu, bwana," alijibu Anania.

Mpima akaandika, wakapita.

Mawe hayakurudishwa. Ilisemekana mpima atarudi kukagua, basi wakangoja. Kisha kihenge kikajazwa ulezi, na mawe yakawa chini ya mzigo. Mvua zilikuja, maharagwe yakavunwa, yakapandwa mengine. Ardhi ikawa sawasawa.

Mwaka wa tatu kikaja kikosi cha barabara, na majembe na matoroli. Mnyapara wao aliitwa Isaka. Ramani ilionyesha kwamba barabara ya kwenda sokoni itapita nyuma ya nyumba ya Anania, kwa kuwa hapakuwa na kitu.

Marita alikimbia akasimama mbele ya majembe. "Mwanangu yuko hapa!"

Isaka aliwasimamisha watu wake. Alivua kofia. "Yuko wapi, mama? Nionyeshe, tumwondoe kwa heshima."

Marita akanyoosha mkono. "Hapa." Kisha akatazama nyumba, akatazama shamba. "La, hapa. Karibu na hapa." Alipiga hatua mbili, akarudi. Anania naye alionyesha mahali pengine.

Isaka aliwaruhusu kuchimba. Walichimba hadi jua la utosini. Udongo ule ulikuwa umelimwa mara nyingi, na mwili wa mtoto ni mdogo. Hawakuona kitu.

"Nisamehe, mama," alisema Isaka. "Nimepewa ramani."

Barabara ikapita. Tangu siku hiyo Anania hakuikanyaga. Akienda sokoni alizunguka mbali, kupitia bondeni. Watu waliokuwa wakimcheka kwa kuzunguka waliambiwa sababu, wakaacha.

Miaka ikapita, na Tunduma ikawa kubwa kuliko ramani yake. Ndipo akaja Tupokigwe, binti kutoka milima ya Ileje. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wazima kusoma na kuwaeleza mambo ya maendeleo. Marita alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Siku moja, baada ya somo, Tupokigwe alisema:

"Ramani ya mji inatengenezwa upya. Safari hii kila mtu anaalikwa kusema, wanawake pia."

Marita alisimama. "Ramani ilimla mwanangu. Nikaipe nini tena?"

Tupokigwe hakumkatiza. Alimwomba akae karibu naye, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Ruti," alisema baadaye, "waliochora walikosea. Waliita wanaume peke yao, tena kwa siku moja, na hawakuwaeleza kazi ya ramani. Mtu asiyeelezwa huogopa, na mwenye hofu huficha. Lakini ramani itachorwa tu, tuseme tusiseme. Ni kama nguo kwa fundi. Kabla mkasi haujapita, unaweza kusema bega linabana. Baada ya hapo utaivaa inayobana."

"Na tukisema, watasikia?"

"Si yote watakayoyakubali. Lakini wakikataa, tutawadai sababu. Na kabla ramani haijapigwa muhuri, tutadai tuione tena."

Siku chache baadaye Marita alikuwa akienda chemchemini. Alimkuta Efraimu amekumbatia jiwe. Nyuma yake, kaburi la mama yake, Tabita, lilikuwa limebomolewa nusu.

"Unalipeleka wapi, Efraimu?"

"Nimechoka kujikwaa, mama Ruti," alijaribu kucheka. Marita hakucheka. Efraimu akainamisha kichwa. "Wanasema kituo cha malori kitakuja upande huu. Wakiliona kaburi..."

"Na wasipoliona? Mimi nayajua ya wasipoliona. Rudisha jiwe la mama yako."

Efraimu alilirudisha.

Siku ya mkutano Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, aliitandaza ramani mezani. Watu waliizunguka, lakini wengi hawakuielewa. Tupokigwe aliomba ruhusa. Alichukua majivu, akachora mji uleule uwanjani, mkubwa, mahali ambapo kila mtu angeweza kusimama.

"Hii ni barabara kuu. Hii ni barabara ya sokoni. Hapa patawekwa kituo cha malori. Nani anajua kilichopo hapa sasa?"

Ndipo Anania akaja, na gunia begani. Alitoa jiwe la mtoni, lililokuwa na vumbi la ulezi. Akaliweka juu ya mstari wa barabara ya sokoni.

"Hapa yupo Ruti," alisema. "Mpima aliniuliza. Nikamwambia hapana kitu."

Bwana Shauri alizungumza na mkalimani kwa muda. Mkalimani akasema kwa upole, "Barabara haiwezi kuhama. Maduka yamekwisha kujengwa pande zote mbili."

"Najua," alisema Anania. "Sikuja kuihamisha."

Efraimu akaingia uwanjani. Aliweka jiwe penye kituo cha malori. "Hapa yupo mama yangu, Tabita." Mwanamke mmoja akaweka majani mabichi karibu yake. "Hii ni chemchemi. Hata kiangazi haikauki. Mafuta ya malori yatatufikia ndooni." Mwingine akaonyesha njia ya watoto wa shule. Karani aliandika yote.

Baada ya mavuno ramani ililetwa tena. Wanawake waliona kwamba chemchemi imechorwa upande usio wake. Walisema, ikasahihishwa. Kituo cha malori kilipelekwa juu, penye ardhi kavu isiyo na mtu. Chemchemi ikawekewa uzio, na maji yake yakabaki safi. Kaburi la Tabita likazungushiwa ua wa minyaa.

Ramani ilitundikwa barazani ili kila mtu aione. Marita alikwenda na mumewe. Kwa mara ya kwanza Anania alikubali kupita barabara ya sokoni, polepole, akikanyaga pembeni.

Sasa Marita alijua kusoma. Alifuata maneno kwa kidole, na Anania akasikiliza.

"Che-mche-mi," alisoma. "Ki-tuo cha ma-lo-ri. Ka-bu-ri."

"Na kwetu?" aliuliza Anania. "Nyuma ya nyumba pameandikwa nini?"

Kidole cha Marita kilisogea, kikasimama. Palikuwa na neno moja tu.

"Barabara," alisema. Alilisoma bila kukosea.