Kasha Lisilo na Feni

Ilikuwa Julai, mchana kweupe, Nerma alipomkuta mama yake ameinamia laptopu, viganja vyote viwili juu yake, kama mtu anayeota moto.

"Mama, unafanya nini?"

"Baridi, mwanangu. Hiki kidude chako kina joto tamu."

Nje, mji wa Zenica ulikuwa unatokota. Lami ilinata viatuni. Nerma alicheka, akaigusa laptopu, akauondoa mkono upesi. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Hilo peke yake lisingekuwa ajabu, maana mashine ile ilikuwa kuukuu na ilihema kila alipofungua gemu. Ajabu ni kwamba ilikuwa imezimwa tangu jana, na waya wake umeviringishwa ndani ya droo.

Nerma hakuwa mtu wa kubabaishwa. Chuoni, kwenye midahalo, walimwita Msumari, kwa sababu akishaingia kwenye hoja hang'oki. Akajiambia: betri imekufa, na betri mbovu hulipuka, basi wakati wa kununua kompyuta ya maana umefika. Duka alilijua. Unachagua vipande kwenye ukurasa wao, wao wanaviunganisha, unaletewa mashine iliyokamilika. Akaiwasha laptopu, akachagua: kasha jeupe lenye ubavu wa kioo, feni za taa za rangi, kadi ya picha ya wastani. Akahifadhi, akaenda kunywa kahawa na mama.

Aliporudi, kasha kwenye ukurasa lilikuwa jeusi, chuma kitupu, halina hata upenyo wa kuchungulia.

Akarudisha jeupe. Jioni likawa jeusi tena, na safari hii feni zote zimeondolewa, na kadi ya picha imekuwa ile kubwa kupita zote, inayotoa joto kama tanuri. Akapiga simu dukani, hasira zimempanda hadi masikioni.

"Nani anaichezea oda yangu? Mteja ni mimi au ni ninyi?"

"Dada, hakuna aliyeigusa," alijibu Elvedin, muuzaji. "Mabadiliko yanatoka kwako. Mimi mwenyewe nilitaka kukuuliza. Kompyuta bila feni! Unataka kucheza gemu au kuoka mkate?"

"Ningetaka mkate ningempigia mwokaji. Rudisha nilichochagua."

"Haya, narudisha. Tazama, feni hizo hapo... He! Dada, umeziondoa tena? Sasa hivi?"

Nerma alikuwa amesimama jikoni, mbali na laptopu, simu ameikamata kwa mikono yote miwili.

Tangu siku hiyo mama yake, Rasema, hakuuacha mfarishi. Midomo yake ikapauka, kucha zikawa za buluu. Madaktari wakapima damu, wakapima moyo, wakasema ni mzima, labda ana huzuni. Nerma akawagombeza mpaka wakamtoa nje. Alipoihamishia laptopu chumba kingine, alimkuta mama sakafuni kando yake, amejikunja kama mtoto, na kadiri mashine ilivyozidi kuchemka ndivyo mama alivyozidi kupoa.

Kisha ikaja harufu. Saa ya Magharibi, adhana ikisikika kutoka ng'ambo ya mto, Nerma alinusa moshi wa makaa ya mawe ndani ya nyumba ambayo haikuwashwa makaa tangu walipong'oa jiko la zamani na kuwekewa mabomba ya maji ya moto, na nyuma ya harufu ile akasikia chuma kikilia ti, ti, ti, kama chuma kinavyolia kikipata moto, na nyuma ya mlio ule mkwaruzo wa kijimlango kidogo kinachofunguliwa polepole na mtu asiyetaka kuamsha wenye nyumba, na alipogeuka akaiona laptopu imejifunua yenyewe, kioo chake chekundu kama kaa, na mkono wa mama yake, mweupe kama unga, ukiipapasa kwa upendo.

Asubuhi alishuka ghorofa ya chini kumwita Bi Devleta, mama wa makamo anayewayeyushia watu madini ya risasi wakipatwa na hofu, akayamwaga majini na kusoma umbo linalotokea. Walimfunika Rasema shuka jekundu. Bi Devleta akalishikilia bakuli la maji juu ya kichwa chake, na kijiko cha risasi iliyoyeyuka mkono wa pili.

"Ule mvuke ni sumu, Bi Devleta," Nerma alinong'ona. "Kisayansi..."

"Na ulimi wako nao? Shika shuka."

Risasi ikiingia majini hupiga kelele. Hii iliingia kimya. Bi Devleta akaitoa, akaigeuza, na rangi ikamtoka usoni. Ilikuwa kijimlango cha jiko, na bawaba zake.

"Jiko lenu mlilipeleka wapi?"

"Mafundi walilivunja."

"Mlimuaga?"

"Nani?"

"Aliyekuwa anaishi humo, binti. Yule ameumbwa kwa moto. Mmemvunjia nyumba, akakimbilia kitu cha kwanza chenye joto. Humo anabanwa. Anajijengea nyingine, na mpaka ikamilike, anaota joto la mama yako."

Nerma, aliyechukua kikombe cha chuo kwa kuwatetea wapangaji wanaofukuzwa bila notisi, aliitupia jicho laptopu.

"Mfukuze basi," alisema.

"Nikimfukuza ataondoka na joto lote aliloteka, na mama utamzika. Huyu hafukuzwi, huhamishwa. Mpe nyumba anayoitaka. Ila isiwe hapa."

Nerma akafungua ukurasa. Kasha jeusi. Feni, hakuna. Kadi kubwa. "Umeridhika?" aliuliza. Mbele ya macho yake, pawa saplai, kile kipande cha kulisha umeme, ikajibadilisha, ikawa kubwa zaidi. Akathibitisha, na mahali pa kuletewa akaandika: nitaifuata mwenyewe.

Siku mashine ilipokamilika aliibeba laptopu kwa taulo hadi dukani, nayo ikamchoma mpaka ndani ya kifua. Elvedin alikuwa ameiweka mashine mpya juu ya meza, haijachomekwa popote. Nerma akailaza laptopu juu yake. Pumzi moja, na laptopu ikawa baridi kama jiwe la mtoni. Ndani ya kasha jeusi kitu kikalia: ti, ti, ti.

"Dada, unakwenda wapi? Kompyuta yako!"

"Iuze!"

"Nani atanunua kitu kisicho na feni?"

Alikuwa ameshafika barabarani, anakimbia. Nyumbani alimkuta mama yake na gauni la mikono mifupi, anakula tikiti maji, mashavu mekundu, anamlalamikia kwamba kahawa imekwisha. Nerma alimkumbatia akalia mpaka mama akaogopa.

Majuma yakapita. Siku moja, akipitia kwa simu maoni ya wateja wa duka lile, akaona mama mmoja ameandika: "Tumenunua lile kasha jeusi kwa bei ya chini. Kimya kabisa, wala halijawahi kuzimika. Nina swali moja. Kuna mwingine ambaye mtoto wake anashikwa na baridi? Hataki kubanduka hapo. Daktari anasema ni mzima."

Vidole vya Nerma viliandika vyenyewe: "Litoeni humo leo leo." Kisha vikasita juu ya kitufe cha kutuma. Likitolewa, aliyemo atakwenda wapi? Kabla ya kasha hilo alijua nyumba moja tu, hii yao.

"Nerma!" mama aliita kutoka sebuleni, sauti imejaa uhai. "Fungua dirisha, mwanangu. Joto limenizidi!"

Nerma aliyatazama maneno yake. Akayafuta, herufi baada ya herufi, akaenda kufungua dirisha.