Boti Isiyolala Penye Watu

"Usifunge hapo. Kunja kamba, tuondoke."

Tamsin alikuwa ameshashuka ukingoni mwa mfereji, kamba mkononi, mvua inamchapa usoni. Mbele yake kulikuwa na pete za chuma zilizochimbiwa kwenye zege, nafasi tupu ya kutosha boti mbili, na majirani waliowasha majiko yao ya makaa, moshi unapanda taratibu. Mtu akikosa usingizi mahali kama pale Market Drayton, basi ana lake jambo.

"Tusifunge kwa nini? Duncan, giza linaingia na mimi nimechoka."

"Twende tu, mpenzi. Nitakueleza mbele."

"Nieleze hapahapa. Jana ulisema Norbury kuna wezi. Juzi ukasema Gnosall kuna watoto wanarusha mawe. Hapa kuna nini?"

Duncan akaachia usukani, akashusha sauti.

"Hapa ndipo nilipomwaga majivu ya Lorna. Utanilaza vipi juu ya marehemu mke wangu?"

Aibu ikamshika Tamsin. Akaikunja kamba akarudi ndani.

Mzee wa boti ya jirani alitokeza kichwa. "Mnaondoka? Huko mbele hakuna pa kulala, bwana. Kuna ngazi ya mawe chini ya maji, boti haisogei ukingoni. Mtagongwagongwa mpaka asubuhi."

Duncan alivuta kofia ya koti mpaka machoni, akaongeza mwendo. Hakumjibu yule mzee hata kwa kupunga mkono. Kwetu sisi tunaoishi mferejini, ukimpita mtu bila salamu, huyo anakukumbuka kuliko aliyekupa mkono. Duncan alilijua hilo, lakini alikuwa na hofu kubwa kuliko adabu.

Nimtaje Tamsin vizuri. Alikuwa mpishi mkuu wa shule moja kule Wolverhampton, mwanamke wa miaka arobaini, mcheshi, mwenye mkono mzuri wa kukanda unga, na aliyekuwa amekaa peke yake muda mrefu mno. Duncan akatokea, mgane mwenye boti ndefu ya buluu na macho ya huzuni. Alimpenda. Alimpenda mpaka akaacha kazi, akarudisha funguo za nyumba aliyopanga, vyombo vyake vyote akavipakia botini. Walikuwa wanakwenda Chester kuandikisha ndoa, kisha waishi majini. Nyuma yake hakuwa na pa kurudi.

Usiku ule walilala porini. Boti iligonga ile ngazi ya mawe, ikaachia, ikagonga tena. Kutoka ndani mpaka nchi kavu ilibidi waweke ubao. Asubuhi wakiwa wanakunywa chai, boti nyingine ikapita kwa kasi kama inafukuzwa, maji yakavutika, vigingi vyao viwili walivyofungia kamba vikang'oka kwenye matope. Boti ikaenda mkingamo katikati ya mfereji. Tamsin alikimbilia kamba, akateleza kwenye ubao, akaangukia mkono.

"Pole, kipenzi. Uko sawa?"

"Siko sawa. Kifundo cha mkono kinavimba. Tungekuwa kwenye pete jana, haya yangetokea?"

"Usianze, Tamsin."

"Sianzi. Nauliza tu. Leo tutalala wapi?"

"Nitaona."

"Audlem si iko karibu? Kitabu cha safari kinasema pale ndipo pazuri kuliko pote."

"Audlem hatulali," alisema, haraka mno. Kisha akatoa simu mfukoni, akaandika kitu, akairudisha.

"Unamwandikia nani saa hizi?"

"Fundi mmoja wa karakana. Ngoja nikatafute kigingi kilichozama."

Alipokuwa huko anachokonoa matope, Tamsin alimpigia dada yake Bridget.

"Hujambo, bibi harusi? Mbona sauti imelowa?"

"Mkono umevimba. Boti imeng'oka."

"Imeng'oka vipi? Si boti hufungwa kwenye pete?"

"Hatufungi kwenye pete. Hataki. Kila penye boti nyingine tunapita."

"Na watu mliokutana nao njiani? Amekutambulisha kwa nani?"

"Hajanitambulisha kwa mtu."

"Mwaka mzima anaishi mferejini na hana rafiki hata mmoja wa kukuonyesha?"

"Ana majonzi, Bridget. Mkewe alikufa."

"Mwenye majonzi anakwepa sherehe, mdogo wangu. Huyu anakwepa watu. Mimi nisingekanyaga Chester kabla sijajua anawakwepa kwa nini."

"Hukuwahi kumpenda."

"Kweli sikuwahi. Lakini wewe nakupenda. Weka kitu baridi kwenye huo mkono."

Tamsin alikata simu akiwa na hasira na dada yake, kwa sababu alichosema ndicho alichokuwa anakiogopa mwenyewe.

Mchana walianza kushuka malango ya Audlem. Malango haya ya maji, yanayoshusha boti hatua kwa hatua, yako mengi, yamefuatana, na kazi yake inataka watu wawili: mmoja anaongoza boti, mwingine anatangulia kwa miguu na ule ufunguo wa chuma kufungua lango la mbele. Siku zote Duncan ndiye aliyeongoza. Siku hiyo akampa Tamsin usukani.

"Kwa mkono huu?"

"Ni kushika tu, haitaki nguvu. Mimi nitatangulia. Sikiliza, chini pale utaona boti zimefungwa kwenye pete. Usisimame. Mtu akikusemesha, mpungie mkono, pita. Nitakungoja lango la chini."

"Hata chai tusisimame?"

"Tamsin, tafadhali. Kwa ajili yangu."

Akavuta kofia, akaondoka kwa hatua ndefu, kichwa chini, akazipita zile boti bila kugeuza shingo.

Ukipita boti zilizofungwa unapunguza mwendo. Hiyo ndiyo heshima yetu, ukipita kwa kasi unang'oa vigingi vya wenzako na kumwaga chai yao. Na Tamsin, ambaye mkono wake ulikuwa unapwita kwa sababu ya mpumbavu mmoja wa asubuhi, alipunguza zaidi ya kawaida. Injini ikashuka mpaka ikawa inatembea polepole: duk, duk, kimya, duk. Ilikuwa injini ya zamani, na mlio wake ulikuwa na pengo.

Mlango wa boti ya tatu ukafunguka kwa kishindo. Akatoka mwanamke mwenye mvi za mbele, soksi miguuni bila viatu, kijiko bado mkononi. Alikuwa anatabasamu kabla hata hajaona kitu.

"Tupa kamba," alisema. "Tupa nikushikie, nafasi ipo."

Tamsin aliambiwa asisimame. Lakini alikuwa amelowa, mkono unauma, na kwa siku kadhaa hakuna mtu aliyemnyooshea mkono. Akamtupia kamba. Yule mwanamke akaipitisha kwenye pete, akaikaza kwa fundo moja safi, ndipo akainua uso akaitazama boti.

"Hii rangi nani kaipaka?" alisema taratibu. "Na wewe ni nani? Duncan yuko wapi?"

"Unamfahamu Duncan?"

"Dada, hii injini aliifunga baba yangu mwenyewe nikiwa mtoto. Nimeisikia tangu lango la juu. Nakuuliza, mume wangu yuko wapi?"

Tamsin alishika ukingo wa paa. "Mume wako nani?"

"Duncan. Boti hii ni yangu, niliachiwa na baba. Aliipeleka karakana ipakwe lami chini, mimi nikahamia hapa kwa rafiki yangu Olive kumngoja. Kila siku mafundi wanachelewesha. Wewe ndiye unayeirudisha? Wewe ni wa karakana?"

"Mimi… Jina lako nani?"

"Lorna."

Tamsin alikaa chini palepale kwenye ubao wa nyuma. Akasema, "Alinipitisha Drayton jana. Akaniambia pale ndipo alipomwaga majivu yako."

Lorna hakupiga kelele. Alitoa simu kwenye mfuko wa aproni, akafungua, akamgeuzia.

"Soma. Ya leo asubuhi."

Ujumbe ulisema: *Karakana bado wananizungusha. Vumilia kidogo, kipenzi. Nalala vibaya bila wewe.*

"Kipenzi," Tamsin alirudia. "Aliandika nikiwa pembeni yake. Nilikuwa nimetoka kuanguka."

"Unalala humo?"

"Ndiyo."

"Kitanda changu?"

"Sikujua ni chako."

"Sijakuuliza kama ulijua."

Mvua ilinyesha juu yao wote wawili. Huko chini Duncan alikuwa amechoka kungoja, akawa anapanda njia ya kando ya mfereji, ufunguo wa malango begani. Alipoona boti imesimama, na nani amesimama kando yake, alisita. Nadhani alifikiria kukimbia. Lakini mfereji una njia moja tu, na alishaonekana.

"Lorna," alisema. "Naomba nieleze."

"Eleza. Marehemu anakusikiliza."

"Si kama mnavyofikiri."

"Tunafikiri nini, Duncan?" aliuliza Tamsin. "Hebu tuambie wewe, maana mimi nimechoka kufikiri. Kwenda Chester ilikuwa nini?"

"Chester?" Lorna alimgeukia. "Chester kuna nini?"

"Kuandikisha ndoa."

Lorna alicheka, cheko kavu. "Utaoa na mimi hujaniacha? Na nyumba yangu ndiyo mahari?"

"Ndoa yetu ilikuwa imekufa zamani, Lorna. Unajua."

"Ndoa ikifa mtu anaambiwa. Huendi kupaka rangi boti aliyoniachia baba."

"Ningekurudishia."

"Lini? Baada ya kumzeesha huyu humo ndani?"

Duncan akamgeukia Tamsin, yale macho ya huzuni yakiwa kazini. "Tamsin, wewe unanijua. Nilikupenda kweli. Nilidanganya kwa sababu niliogopa kukukosa."

"Umenilaza kwenye mawe ili nisionwe," alisema Tamsin. "Nimeacha kazi. Nimerudisha funguo za nyumba. Ungesema tu una mke, ningelia wiki mbili nikaendelea kupika wali wa watoto. Sasa nirudi wapi?"

"Tutaanza upya. Mimi na wewe, popote."

"Usinishike."

Alikuwa amenyoosha mkono. Akaushusha.

Lorna aliingia ndani ya boti, kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze. Wakamsikia anafungua makabati. Akatoka na begi la Duncan, akalitua kwenye majani mabichi.

"Nguo nyingine nitazitafuta. Hilo ndilo nimeliona."

"Lorna, mvua hii. Nitalala wapi?"

"Si unajua pa kulala pasipo na watu? Nenda."

Olive na majirani wawili walikuwa wametokeza vichwa. Duncan aliokota begi, akaweka ufunguo wa malango juu ya paa, akaondoka kwa njia aliyokuja nayo. Kufikia jioni, kila boti kati ya Audlem na Chester ilikuwa na habari zake.

Tamsin alibaki amesimama na koti lake mkononi.

"Dada yangu anakuja kunichukua," alisema. "Vyombo vyangu ni vingi, havitaingia garini vyote."

"Acha namba yako. Nitavifunga."

"Ahsante. Samahani, Lorna."

"Usiniombe radhi, maana sitaweza kukujibu vizuri. Nikikutazama naona kitanda changu." Kisha akamtazama kifundo. "Huo mkono umetazamwa na daktari?"

"Bado."

"Utazamwe leo."

Bridget alifika na gari. Hakusema, "Nilikuambia," na kwa Bridget hiyo ilikuwa kazi kubwa. Alimfungulia mlango, akamfunga mkanda kama mtoto, akaendesha mpaka Wolverhampton. Tamsin akapewa chumba cha mpwa wake, kitanda kifupi, miguu inatokeza. Duncan alituma ujumbe baada ya ujumbe. *Nisikilize mara moja tu. Niko stendi. Nakupenda.* Tamsin aliufuta bila kujibu, lakini kila mmoja aliusoma, na kila mmoja ulimuuma, kwa sababu kumpenda kulikuwa hakujaisha. Hilo ndilo lililomkera kuliko uongo wenyewe.

Jumapili ukaingia ujumbe wa namba asiyoijua.

*Ni Lorna. Vyombo viko kwenye maboksi, dada yako aje siku yoyote. Sufuria kubwa ina ufa, si mimi niliyeutia.*

*Ufa ni wa zamani,* alijibu Tamsin. *Ahsante.*

Simu ikanyamaza. Alidhani yameisha. Kisha ikatetemeka tena.

*Swali moja, halafu sitakusumbua. Pale Drayton alipokuambia mimi ni majivu, ulifanyaje?*

Tamsin alifikiria kumdanganya, akaona uongo umetosha.

*Yeye alikuwa ameshika usukani. Mimi nilichuma maua kwenye lile kopo la juu ya paa, nikayatupa majini. Nikakuombea upumzike.*

Jibu lilichelewa. Tamsin alikuwa ameshaiweka simu chini ilipoingia.

*Miaka yote niliyokaa na Duncan hajawahi kuniletea ua hata moja. La kwanza nimeletewa na wewe, tena umelichuma kwenye kopo langu. Lala salama.*

Tamsin aliusoma tena, akaigeuza simu kifudifudi kwenye shuka la mtoto, ndipo akalia.