Kalisto, Mwezi wa Mbali

Siku ya soko pale Masisi-centre, matope yakiwa yamefika vifundoni, Symphorien alirudi nyuma kupisha pikipiki akagonga bidoni, dumu la plastiki lililojaa maziwa. Maziwa yakaruka, yakatua juu ya karatasi kubwa aliyoichora kwa siku tatu.

"Kaka, macho unaiwekaka wapi?" akauliza mwenye bidoni.

"Pole, Mama."

"Mama ya nani? Sijaolewa. Sema dada."

Alikuwa mrefu, kitenge cha manjano juu ya buti za mpira. Jina lake Kampire. Kila asubuhi alitoka Lushebere, kambi ya waliokimbia vita, kuuza maziwa ya ng'ombe wawili waliobakia kwao. Symphorien, mtoto wa wawindaji wa Ntoto, alifundisha fizikia katika sekondari moja pale mjini. Alisahau karatasi, akawa anamtazama yeye.

"Na hizi mayai ulizochora ni za nini?"

"Si mayai. Ni miezi ya Jupita, sayari kubwa. Shule zitashindana kwenye parokia: bantu wakihamia juu, wajenge kwa mwezi gani wa barafu? Mimi nimechagua huu, Europa. Chini ya barafu iko bahari nzima."

"Na hiyo Jupita, iko mubaya?"

"Inatupa mionzi inayoua. Europa iko karibu nayo, lakini maji..."

Kampire alicheka, kisha akaacha kucheka. "Tulipokimbia kutoka Kashuga tulikuta chemchemi nzuri. Papa yangu akakataa tusijenge pale. Alisema maji unaweza kuyafuata mbali, lakini risasi inakufuata yenyewe." Akaweka kidole chenye maziwa kwenye mwezi wa mwisho. "Huu wa mbali?"

"Kalisto. Barafu na mawe tu. Mionzi haifiki sana."

"Basi njo pale pa kujenga."

Akammiminia kikombe. Symphorien akakinywa palepale, amesimama.

"Ikala! Kwetu muntu hanywi maziwa akisimama. Ni kuzarau ng'ombe."

"Niko na haraka, dada. Nipe numero yako, nitaikala siku ingine."

Akapewa. Wiki mbili simu haikupoa.

"Umekula, muntu wa mwezi?"

"Nimekula fufu, ila roho inataka maziwa."

"Maziwa ao mwenye maziwa?"

"Vyote, chérie."

"Kula fufu yako!"

Siku ya mashindano ukumbi wa parokia ulijaa. Symphorien, tai nyekundu shingoni, aliitetea Kalisto mpaka masista wa mstari wa mbele wakatikisa vichwa kwa kukubali. Shule yake ikapewa ushindi na darubini mpya. Ndipo Papa Damascène, mkuu wa waamuzi, akauliza: "Prof, hii akili ya kukimbia hatari kwanza, maji nyuma, uliitoa kwa nani?"

Jina lilikuwa tayari mdomoni. Akawatazama walimu wenzake, viatu vyao vikimeta. Aseme nini? Kwamba amefundishwa na muuza maziwa wa kambini?

"Ni akili yangu mwenyewe, Papa."

Makofi yakalia. Mlangoni Kampire alikuwa amesimama, amevaa kitenge kipya ambacho mikunjo ya duka ilikuwa bado haijatoka, na termosi ya maziwa mkononi. Aliiweka juu ya benchi la nyuma, akatoka.

Symphorien alipoifikia, ilikuwa bado ina joto. Maziwa hakuyagusa. Alipiga simu mara tisa. Ya kumi ikapokelewa.

"Chérie, nisikilize..."

"Si chérie. Ni mama yake, Mukagasana."

"Jambo, Mama."

"Jambo gani? Ulisikia haya kumutaja mutoto yangu. Sasa haya imerudi kwako, na usiilete kwa simu. Uliiba mbele ya bantu. Rudisha mbele ya bantu."

Simu ikakatwa. Wiki ileile alikuwa amempa sifuri mwanafunzi wake Elodie kwa kunakili mtihani, akamhubiria uaminifu robo saa nzima. Alilikumbuka hilo akiwa bado ameshika simu.

Jumapili, baada ya matangazo ya misa, aliomba neno. "Akili ya Kalisto si yangu. Ni ya Kampire wa Lushebere, mwenye kuuza maziwa. Nilisema uongo kwa sababu niliona haya juu yake. Leo naona haya juu yangu. Darubini ninairudisha."

Kutoka mabenchi ya wasichana, Elodie: "Sifuri, Prof!"

Kanisa lote likacheka. Aliinamisha kichwa, akatoka kati ya vicheko hivyo, akachukua njia ya Lushebere na termosi ya Kampire, ameiosha mara tatu.

Habari zilikuwa zimemtangulia. Mama Mukagasana alimtazama toka viatu mpaka tai, akaingia ndani. Kampire alikuwa akikamua. Hakugeuka.

"Kule Kalisto," akasema, "ng'ombe watakula nini?"

"Sijui."

"Prof mukubwa hajui?"

"Sijui, Kampire. Sikuwaza ng'ombe."

Akageuka. Alimwangalia mpaka Symphorien akakosa pa kuweka mikono, kisha akamimina kikombe na kukinyoosha. Symphorien alivuta bidoni tupu, akalilaza, akaketi juu yake palepale kwenye matope, suruali ya misa na yote. Akanywa taratibu mpaka tone la mwisho.

"Mwezi ujao," akasema, akikirudisha kikombe kwa mikono miwili, "nikikuja na Papa yangu kutoka Ntoto kuongea na wazazi wako, tutapata kiti?"

Kampire alirudi kwa ng'ombe wake ili asionekane akitabasamu.

"Kiti kiko kimoja. Papa yako ataikala. Wewe utasimama, mupaka mama achoke kukuangalia."