Mstari Niliousogeza Mutwanga

Nina miaka ishirini na tisa, naishi Rughenda hapa Butembo. Ndugu wasomaji, mkimaliza kunisoma mtanichukia, na mna haki.

Mama alipofariki, nililelewa Mutwanga na mdogo wake, mama mdogo Kavira. Kakao ya shamba lake ndiyo iliyonisomesha. Nilipojiunga na kikundi cha kuchora ramani ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuirekebisha, nilianza na shamba lake. Tulizunguka mpaka wote kwa miguu, mimi na simu, yeye na panga. Kila mti wa mpaka aliopanda marehemu mumewe aliugusa kwa mkono... Nilijiona mtoto wa maana.

Mwaka jana tukapata faili ya serikali ya mipaka ya mashamba, iliyo wazi kwa watu wote. Niliomba niiingize kwenye ramani mimi, kwa sababu mkuu wa kikundi chetu alikuwa anatafuta msaidizi. Sharti lilikuwa moja: faili ikipishana na mstari wa zamani, nenda kwanza shambani ukahakikishe.

Mutwanga ilipishana. Mstari wa faili ulikata katikati ya kakao ya mama mdogo. Niliuona, nikajua ni makosa... nikafuta wa zamani. Nani angepanda pikipiki mpaka kule, na kazi inangojewa Ijumaa?

Jirani yake, aliyelitamani shamba hilo siku nyingi, akaichapisha ramani mpya na kuipeleka kwa chifu. Mama mdogo hakuogopa hata kidogo. Alisema, "Muite mutoto wangu ku simu. Ni yeye nilitembea naye mupaka yote."

Chifu akanipigia. Mkuu wetu alikuwa ameketi mbele yangu, siku mbili tu tangu anipe cheo. Kwa nyuma nikasikia sauti ya mama mdogo akiniita kwa jina, imetulia kabisa: "Masika, baambie."

Nikasema wafuate ramani ya sasa.

Nilikuwa na moyo gani, jamani? Chifu akaifuata, akampa jirani upande wenye nyumba na kakao nyingi. Wiki ile ile jirani aling'oa miti yote ya mpaka, akaanza kuvuna kakao. Dhamiri iliponishinda nilirudisha mstari wa zamani, kazi ya dakika mbili, nikakimbilia kwa chifu.

"Miti iko wapi?" akaniuliza. "Na weye mwenyewe ulisema ku simu. Donc, sasa tukuamini siku gani?"

Mama mdogo sasa amepanga chumba Mulekera, anauza mihogo kando ya barabara. Nilimfuata nikapiga magoti mbele ya watu. Hakunitukana.

"Siku ile nilikuita," alisema, "ulinisikia?"

Nikajibu kwamba nilimsikia. Akageuka kumhudumia mteja.

Ninyi mnaochora ramani, nawasihi, msifute mstari wa mtu kabla ya kukanyaga udongo wake. Na mkikosea, semeni siku mnayoulizwa, hata kama mkuu wenu anawatazama... Mimi cheo bado ninacho. Kila asubuhi nafungua ramani na kulitazama shamba la mama mdogo. Mpaka wake uko sawasawa, na anayevuna ni mwingine.