Kibao Namba Saba

Mtungi wa Mwalimu ulirudi umejaa. Mambo yalianza kwenda mrama hapo, na aliyeona alikuwa mtu mmoja tu, yule fundi wa kujaza mitungi ya hewa, mtu mkavu asiyecheka hata ukimtekenya. Aliutazama mshale wa geji, akaugonga kwa kidole, akautazama tena. Mtu akae chini ya maji dakika arobaini, anapumua, halafu hewa isipungue hata chembe? Thubutu!

Sindano hakuwa na habari. Sindano ndiye mke wa Mwalimu, mshonaji wa nguo kwa miaka thelathini, ila jina hilo mumewe alimpa kwa sababu ya ulimi wake, wala si kwa kazi yake. Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, watoto wakawakatia tiketi ya meli ya kitalii, siku saba baharini na kuzamia kila asubuhi. Mzee wa watu akashika uzamiaji utadhani mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Mkewe alikataa katakata. "Maji yangu mimi ni ya kwenye ndoo," alisema. "Nenda, ukiona samaki wasalimie."

Sasa, nyuma ya meli, pale penye ngazi ya kushukia majini, palikuwa na ubao wenye misumari minane, na kila mzamiaji alikuwa na kibao chake cha bati chenye namba. Ukishuka, unakitoa na kukifunga kiunoni. Ukipanda, unakitundika mwenyewe kwa mkono wako. Hakuna kutundikiana. Kiongozi wa wazamiaji alilisema hilo kila siku mpaka likawachosha watu.

Lakini Sindano hajawahi kuona pini sakafuni akaipita. Asubuhi ile alikikuta kibao namba saba kimeanguka karibu na ngazi. Cha mumewe. Akakiokota, akakifuta kwa upindo wa gauni, akakitundika kwenye msumari wake kisije kikapotea. Mwalimu alikuwa hajamaliza hata dakika kumi huko chini. Sindano akaenda zake kunywa chai, moyo umemtulia kabisa.

Wanane walishuka, wanane wakapanda.

Kwenye chakula cha mchana Mwalimu aliketi mbele ya sahani yake bila kuigusa. Sindano alisikia harufu ya udongo uliochimbuliwa, udongo mbichi, akageuka kutafuta inatoka wapi. Katikati ya bahari, udongo wa wapi?

"Mke wangu," alisema Mwalimu.

Sindano akaangua kicheko. "Makubwa! Leo nimekuwa mke wako? Maji yamekuingia kichwani, ewe?"

Mwalimu hakucheka. "Nyumbani tumemwacha nani?"

"Si binti yako na mjukuu wako. Unaniuliza mimi?"

"Ufunguo mnauweka wapi?"

"Chini ya chungu cha maua, ulikouweka mwenyewe. We baba, usinizeekee ghafla hivyo, safari bado ina siku."

"Chini ya chungu cha maua," Mwalimu alirudia polepole, neno kwa neno. Akainuka akaenda chumbani.

Sindano alibaki na kijiko mkononi. Kuna kitu kilikuwa hakijakaa sawa, na alikuwa haoni ni kipi. Akamfuata. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo, na kutoka ndani alisikia maji yakidondoka, to, to, to, akadhani bomba limeachwa, lakini alipochungulia akamwona mumewe amelala chali kitandani na nguo zake kavu kabisa, macho wazi, na maji yanamtoka kwenye ncha za vidole na kudondoka sakafuni bila kukoma, na ile harufu ya udongo imejaa chumba kizima, na Sindano, ambaye kwa miaka thelathini na mbili amelala pembeni ya mtu huyu akilalamika kwamba anakoroma, alikitazama kifua chake na kusubiri kipande, akasubiri kishuke, akasubiri mpaka yeye mwenyewe akaishiwa pumzi, na kile kifua hakikupanda wala hakikushuka.

Akarudi kinyumenyume. Mkono ukamshika kiwiko.

"Usipige kelele, mama." Alikuwa fundi wa mitungi, ananong'ona. "Namba saba nani alikitundika?"

"Mimi," alinong'ona Sindano. "Kilikuwa kimeanguka tu, jamani."

Fundi akafumba macho. "Ulipokitundika, uliiambia bahari kwamba huyu ameshapanda, wa chini hatumdai tena. Kuna kitu kilisikia. Kikaona huku juu pana nafasi, kikapanda kuijaza. Hakipumui, ndiyo maana mtungi umejaa."

"Na mume wangu?"

"Bado yuko chini."

"Tangu saa nne? Kwa hewa ipi?" Sindano akamvuta mkono. "Twende kwa nahodha!"

"Nahodha atahesabu vichwa akute vimetimia. Na saa nane tunang'oa nanga." Ilikuwa saa nane kasorobo. "Sikiliza. Kitoe kile kibao, wewe uliyekitundika. Kishike. Mwite mwenzio jina mnaloitana ndani, ambalo hata watoto hawalijui. Akipanda, akitundike mwenyewe. Usikiachie, mama. Hata kama mbingu inaanguka."

Sindano alikimbia. Alifika nyuma ya meli akakinyofoa kibao msumarini, nacho kilikuwa cha baridi mpaka kinauma. Watalii walikuwa wamejilaza kwenye viti vyao wakiota jua. Aibu alikuwa ameiacha chumbani.

"Kiazi!" aliita. Ndilo jina lenyewe, kwa sababu ya ule upara. "Kiazi weee! Panda juu!"

Watu wakacheka. Nanga ikaanza kuvutwa, minyororo ikilia chini ya sakafu.

"Kiazi! Ni mimi Sindano! Usiniache, Kiazi wangu!" Sasa alikuwa analia waziwazi.

Nyuma yake zikaja nyayo zenye maji, pwata, pwata, zinakuja taratibu, na harufu ya udongo ikaja nazo, na sauti ya mumewe ikasema karibu kabisa na sikio lake, "Mke wangu, nipo hapa, unamwita nani?" na mkono uliolowa ukatua begani, mzito, ukazidi kuwa mzito, na Sindano akajua kwamba asipogeuka atapona, na hakugeuka, lakini vidole vyake vikafunguka vyenyewe.

Kibao kikatumbukia majini.

Uzito begani ukaondoka. Chini, pale kilipozama, mapovu yakapanda, kisha kikatokea kichwa chenye upara na miwani ya kuzamia.

"Mbona unaniaibisha hivyo, Sindano?" Mwalimu alihema, akishika ngazi. "Sijamaliza hata dakika arobaini. Na jua mmelipeleka wapi?"

Sindano alimkumbatia pamoja na mtungi wake, akampiga ngumi kifuani na kukisikiliza kikipanda na kushuka. Chumbani hawakukuta mtu, ila godoro limelowa. Mtungi alioshuka nao mgongoni ulikuwa umebaki na hewa kidogo tu. Fundi alipima, akaridhika, kisha akautazama msumari namba saba. Ulikuwa mtupu.

Mtandao wa simu ulirudi kesho yake, bandari ilipoonekana. Mwalimu alikuwa anakoroma kwenye kiti, na Sindano kwa mara ya kwanza aliusikia mkoromo ule kwa raha. Simu ikaita. Alikuwa binti yao.

"Mama, shikamoo. Mbona baba umemwacha aje peke yake?"

"Nani?"

"Baba. Kafika tangu asubuhi, kafungua mwenyewe kwa ule ufunguo wa chini ya chungu. Ameloa chapachapa, hataki kubadili nguo. Na mtoto amempakata, nikimwomba hanipi. Halafu kuna kibati ameweka mezani, kimeandikwa saba. Ni cha nini?"

"Mwanangu," Sindano alisema. "Mchukue mtoto. Mchukue, mtoke nje sasa hivi."

Alisikia simu ikihama mkono, kisha maji yakidondoka, to, to, to.

"Mke wangu," ilisema sauti. "Hapa tumetimia. Bado wewe tu."