Injini ya Gari Jekundu

Msafara wa harusi ulikwama mlangoni mwa kituo cha mafuta mchana kweupe, honi zinalia kama zimetumwa. Mbele ya wote gari jekundu la spoti, la zamani, boneti ndefu iliyofungwa riboni nyeupe, lilikuwa likitoa moshi. Bibi harusi ndani yake alijipepea kwa maua. Mwenye gari, kijana mpiga picha aliyevaa suti ya kijivu na kamera shingoni, alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Kaka, ukifungua hicho kifuniko sasa hivi, maji ya moto yatakuosha uso."

Aligeuka. Mwanamke wa ovaroli ya bluu, kitambaa cha njano kichwani, mikono ina oili hadi kwenye viwiko. Gereji yake ilikuwa nyuma ya kituo, na wateja walimwita Spana.

"Wewe ni fundi?"

"Hapana, nimevaa hivi nakwenda harusini."

Bibi harusi alicheka hadi wanja ukamtiririka. Spana alingoja injini ipoe, akakaza mpira wa maji uliolegea. Kisha akainama zaidi, akaanza kucheka peke yake.

"Sasa unacheka nini?" mpiga picha akauliza.

"Nani alikuuzia hili?"

"Sikuuziwa. Ni la marehemu baba yangu. Kila kitu ni cha asili."

"Injini hii ni ya pikapu ndogo, kaka. Iangalie ilivyopwaya humu, kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Na vishikio vyake vimechomelewa baadaye. Vile vikubwa vya mwanzo hivi hapa, havishiki kitu."

Mpiga picha alitazama. Miaka yote alikuwa akiifungua boneti hiyo kutia maji, na hakuwahi kuona. Uso ulimshuka.

"Baba yangu hakuwa mwongo."

"Baba yako sijamtaja. Nimetaja injini."

Kesho yake alirudi bila harusi, akiwa na soda mbili na hasira nusu. "Nionyeshe tena." Akaonyeshwa. Keshokutwa akarudi kuonyeshwa tena, ingawa hapakuwa na jipya, na mafundi wenzake Spana wakaanza kukohoa kila alipoingia.

Simu nazo zikaanza.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula grisi."

"Nikuletee nini?"

"Jilete mwenyewe. Na uache kunipiga picha nikiwa chini ya gari."

"Ndiko unakopendeza."

"Kwa hiyo juu ya gari sipendezi?"

"Jamani! Mtu hata kusifu hawezi?"

Walipendana waziwazi, kwa adabu, na kila mtu pale kituoni alijua. Mpiga picha alikuwa na hamu moja tu: injini ya asili ipatikane, gari la baba yake lingurume kwa sauti yake. Spana akaahidi kumsaidia kuitafuta.

Siku moja mpiga picha alikwenda kununua chai. Spana akapata kibati kidogo ukutani ndani ya boneti, kimefunikwa na rangi nyekundu. Vibati hivyo huwa na nambari ya gari, na chini yake nambari ya injini iliyotoka nayo kiwandani. Akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akasugua ile ya injini. Herufi ikatokea, kisha tarakimu, moja baada ya nyingine.

Alikuwa hajafika katikati, zile zilizobaki zikamtoka mdomoni zenyewe. Akasugua haraka. Zilikuwa zilezile.

Akashika ukingo wa gari. Nambari hiyo aliijua tangu utotoni. Mama yake alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, na injini iliyoizungusha kwa mkanda ndiyo aliyoipangusa kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Kusoma tarakimu alijifunzia kwenye nambari iliyochongwa ubavuni mwake. Na aliyeileta injini ile alikuwa mwanamume mmoja mpole, aliyekuja kila mwisho wa mwezi kwa miguu kubadilisha oili, akaketi na mama mlangoni, wakaongea chinichini. Yeye alimwita Baba Mkubwa. Majirani walimwita vingine, wakicheka.

Mpiga picha alirudi na vikombe.

"Nionyeshe picha ya baba yako," Spana akasema.

"Salamu hakuna?"

"Nionyeshe."

Akamwonyesha kwenye simu. Alikuwa Baba Mkubwa, mpaka lile tabasamu la upande mmoja.

"Nenda nyumbani," Spana akasema. Sauti haikuwa yake. "Na usinipigie."

Alipiga, bila shaka. Alipiga mpaka simu ya Spana ikazima. Ilipowashwa, akampata.

"Mpenzi, nimekukosea nini? Kama kuna mwingine, niambie nijue."

"Angekuwepo mwingine ningefurahi," Spana akajibu, akakata.

Spana alikwenda kwa mama yake, akamkuta amesimamisha mashine kidogo, nyusi nyeupe kwa unga. Hakusalimu.

"Mama, kwa jina la Mungu unayemwabudu, Baba Mkubwa alikuwa baba yangu?"

Mama alimkodolea macho. Akacheka, kicheko cha mtu aliyepigwa ghafla. Kisha akaketi juu ya gunia.

"Mwanangu! Ndivyo ulivyoniweka? Yule siye baba yako. Yule ndiye aliyemuua."

Spana akavuta gunia jingine, akaketi mbele yake.

"Mimba yako ilikuwa changa," mama akasema. "Injini yetu ilikufa, baba yako akaenda na baiskeli kununua kipuri. Yule bwana alikuwa na gari jekundu, analiendesha kama kichaa. Akamgonga. Hakukimbia, alimbeba, akajipeleka polisi, akafungwa. Alipotoka aling'oa injini ya gari lake, akaniletea. Akasema hataki kwenda mbio tena, na watoto wake pia hawatakwenda mbio na gari lile. Mimi nilimfukuza. Akaiacha mlangoni."

"Na ukaipokea?"

"Ulikuwa unalia njaa. Kumsamehe kulikuja baadaye, mwanangu, kwa magoti mengi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na ndiyo iliyokuwa ikikulisha?"

Spana alilia mpaka akachoka. Kisha akachukua simu.

"Njoo kwa mama. Sisi si ndugu."

"Ndugu? Nani alisema sisi ndugu?"

"Njoo tu. Na ujikaze, kuna lingine."

Alifika na suti yake, ametoka kazini. Mama akamwambia yote, polepole, bila kupunguza wala kuongeza.

"Haiwezekani," akasema. "Nilipokuwa mdogo baba alikuwa safari ya kikazi. Mama alituambia."

"Hakuwa safarini, mwanangu. Alikuwa gerezani."

Mpiga picha aliketi sakafuni, kwenye unga, suti na yote. Injini aliyoitafuta ilikuwa mbele yake. Akapitisha kidole juu ya nambari, akakiondoa haraka kama kimeungua.

"Siitaki tena," akasema. Akamtazama Spana. "Na wewe sina uso wa kukuomba kitu. Nisamehe. Naondoka."

"Nani kakuambia uondoke?" mama akauliza. "Binti yangu unamtaka, humtaki?"

"Namtaka, mama. Ila..."

"Basi muulize yeye. Mimi nina wateja nje."

Akatoka, akawavutia mlango.

"Mama amemsamehe baba yako," Spana akasema. "Mimi habari hii nimeipata leo. Sijamsamehe. Huenda nikachelewa."

"Chelewa."

"Kuna siku nitakuangalia, nimuone yeye, nikununie bila sababu."

"Ninunie. Nitakaa hapohapo."

"Hata ukinipikia chai nikaimwaga?"

"Nitapika nyingine."

Alimtazama alivyokaa pale chini, mweupe kwa unga kuanzia kisogoni, machozi yakimchora mistari usoni. Akachuchumaa mbele yake.

"Uliza, basi."

"Utanikubali?" Akapangusa unga mikononi. "Niwe mume wako?"

"Nakukubali wewe," Spana akasema, akamfuta shavu kwa kiganja chenye oili. "Baba yako atanisubiri."